Tundu la Bambo

"Shangazi, uko wapi?" redio ya Motorola ilikwaruza.

"Nyuma ya mpimaji wa mahindi. Kuna magari mawili katikati."

"Saa nne mawaziri wa nchi zote mbili wanafungua chupa yake ya sampuli. Wakikuta mahindi yana ukungu, mpaka unafungwa."

"Najua, Mjomba," Shangazi alijibu. Yalikuwa majina ya kazi, si ya ukoo.

Alijua pia nani angefurahi. Kampuni ya ng'ambo ilikuwa na meli nzima ya mahindi bandarini, ikingoja majirani wakosane. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Fununu zilisema mpimaji amehongwa, lakini fununu haimfungi mtu.

Land Cruiser nyeupe iliingia uwanja wa forodha. Mpimaji akashuka na mkoba wake.

Shangazi naye akashuka. Goti likalalamika. Miaka hamsini na miwili, na bado anakimbiza wanaume wasio na maana! Alikuwa amechoka, basi.

Malori mia mbili yalipanga foleni.

"Lililopimwa ni lipi?" aliuliza.

"Hili langu, mama," dereva mmoja alijibu. Macho yalikuwa mekundu. "Siku ya tisa leo. Nimebeba mavuno ya ukoo mzima. Wakifunga, nirudi nyumbani na uso gani?"

Shangazi alipanda juu ya mzigo. Bambo ni chuma chenye ncha. Hutoboa gunia, hutoka na punje, na huacha tundu. Alikagua juu, ubavuni, nyuma.

Hakuna tundu.

Hata moja.

Alimkuta mpimaji mlangoni pa ukumbi wa mawaziri. Mkono wa mpimaji ulienda kwenye koti. Bastola ya Shangazi, Glock, ilikuwa imeshafika mbavuni mwake.

"Bambo lako lilichoma gunia lipi?"

"La... la juu."

"Twende ukanionyeshe tundu."

Mpimaji alishusha mkono. "Mama, nina watoto."

"Na yule dereva je? Kaokota wa kwake?"

Sampuli mpya ilitolewa mbele ya mawaziri wote wawili. Punje zilikuwa kavu, safi. Saa nne na nusu, lango likafunguliwa.

"Kazi nzuri," Mjomba alisema redioni. "Kesho kuna ugomvi wa maziwa, mpaka wa kaskazini."

Shangazi alizima redio, akatembea taratibu katikati ya barabara.

Honi ikalia nyuma yake. Alikuwa yule dereva, kichwa nje ya dirisha.

"We mama, toka barabarani! Tumechelewa!"

Shangazi akampisha.