Mikono Miwili ya Kushoto

Katika duka lao la ushonaji, mke alikata vitambaa, mume akashona. Mke ndiye aliyekuwa kichwa cha duka. Alimpima mteja huku wakipiga soga, na vipimo vyote vikabaki akilini.

Kisha akaanza kurudia maswali. Akaacha pasi inawaka.

"Uzee huo," mume alicheka.

Siku moja bibi harusi alikuja kujaribu gauni lake. Mkono mmoja ulikataa kukaa begani. Mke alikuwa amekata mikono miwili ya kushoto.

"Akili zako umezipeleka wapi?" mume alifoka mbele ya wateja. "Unatutia aibu!"

Mke aliweka mkasi chini. Tangu hapo aliacha kukata. Akaacha na soga. Alikaa kwenye kona, akikunja vitambaa vilivyokwisha kukunjwa. Mume alidhani amenuna. Akamwacha hivyo mwaka mzima.

Aliyeshtuka ni jirani yao, muuguzi. Mke alimrudishia sufuria aliyoazima. Muda mfupi baadaye akaja tena kuomba radhi kwamba sufuria imepotea.

"Shemeji, mkeo hajanuna," muuguzi alimwambia mume. "Twende hospitali."

Mke alipimwa damu, presha na kumbukumbu, akapigwa picha ya ubongo. Waliporudi, muuguzi aliwaeleza taratibu.

"Sehemu ya ubongo inayotunza mambo mapya imesinyaa kidogo. Lakini dada bado anajitegemea. Hii si dimensia, ambayo humfanya mtu ashindwe hata kujihudumia."

"Nitafika huko?" mke aliuliza.

"Picha inaonyesha hatari, dada. Haisemi kesho itakuwaje. Wengine hufika, wengine hubaki hivi miaka mingi, wachache hupata nafuu. Presha yako iko juu, nayo huumiza ubongo. Meza dawa, tembea, ongea na watu."

"Na tungekuja mapema?" mume aliuliza.

"Presha tungeishusha mapema. Na asingekaa peke yake kwenye kona."

Sasa mume anakata, mke anashona vifungo. Hutembea pamoja kila asubuhi. Presha imeshuka. Wateja wanapiga naye soga, na kicheko chake kinasikika hadi nje.

Siku moja mume aliweka mkasi chini.

"Mama watoto, nisamehe. Nilikufokea mbele za watu."

"Lini?"

"Siku ile ya bibi harusi."

Mke alifikiri sana, kisha akatabasamu.

"Sikumbuki, baba watoto. Basi, yameisha."

Mume aliinamia kitambaa. Alitamani mkewe akumbuke, angalau naye amfokee.