Alama ya Wanja

"Saini, mke wangu. Wenzako wanasubiri nje."

"Bado sijawa mke wako."

"Jumamosi si mbali."

Mkaguzi wa hesabu hakucheka. Alikuwa amechuchumaa katikati ya ghala la pili la kampuni kubwa ya majokofu, mkono juu ya boksi. Aliyemshikia karatasi alikuwa mhasibu mkuu wa kampuni hiyo, mchumba wake, mwanaume mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, lakini ya hawa wawili yalifichwa ofisini mwaka mzima.

"Boksi hili nililihesabu jana," alisema polepole.

"Jana ulikuwa ghala la kwanza, mpenzi. Umechoka."

"Inama uone."

Pembeni, chini kabisa, palikuwa na mstari mweusi. Kila boksi alilohesabu alilitia alama ya chaki, na mchumba wake alijua, maana mkaguzi mwenyewe ndiye aliyemsimulia, siku moja wakicheka. Maboksi ya jirani yalikuwa na ukungu mweupe wa chaki iliyofutwa kwa kitambaa. Lakini jana chaki ilimwishia kabla ya kazi kwisha. Akatoa wanja kwenye mkoba, akamalizia nao. Hilo hakumwambia mtu.

"Mmeyahamisha usiku," alisema. "Nihesabu mali ileile mara mbili!"

"Punguza sauti, nakuomba."

"Benki zinawakopesha kwa dhamana ya majokofu hewa!"

"Mkurugenzi ameapa ni mwaka huu tu. Kampuni ikianguka, watu wangapi watalala njaa? Na mimi jela inaningoja. Ndivyo unavyotaka?"

Akainuka.

"Jana ulinikalisha hotelini mpaka wahudumu wakapandisha viti juu ya meza. Ukasema hutaki usiku uishe. Chakula kile kilikuwa mapenzi au kazi?"

Mhasibu akaikunja karatasi.

"Nijibu!"

"Vyote viwili."

Machozi yakamtoka. Angeweza kusamehe mengi, lakini jibu lile lilimchoma mpaka ndani.

"Ukisema, na wewe umekwisha," mhasibu akabadilika, sauti ngumu. "Ulimficha bosi wako kwamba mimi ni mchumba wako. Utakula wapi?"

Mkaguzi alichukua simu, akaandika, akamgeuzia asome:

"Bosi, maboksi ya leo ni yaleyale ya jana. Sisaini. Na mhasibu mkuu ni mchumba wangu, nilikuficha. Adhabu yoyote nitaipokea."

"Usitume! Tafadhali, mama watoto wangu, usitume!"

Akatuma.

Harusi ikavunjwa. Benki zikadai chao kwa pamoja, na jengo lile la vioo likafungwa kwa minyororo kabla mwezi haujaisha. Mkurugenzi alinaswa uwanja wa ndege. Mkaguzi naye akasimamishwa kazi, akarudi kwa mama yake na begi moja. Jioni moja simu ikaita.

"Polisi wako mlangoni," mhasibu alisema kwa sauti ya chini. "Niambie kitu kimoja tu. Ningekwambia mwenyewe usiku ule, pale mezani, ungefanyaje?"

"Ningelia sana. Halafu ningekusubiri mpaka utoke jela."

Akamsikia akivuta pumzi.

"Na sasa?"

"Sasa mama ananiita nikale."

Akakata simu.