Elfu Tisa kwa Mtu Mmoja

Sokoni siku hiyo hapakuwa na pa kuweka mguu. Ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, na ujia wa mafundi cherehani ulijaa akina mama waliovuta watoto mikono, mabegi mapya yanayonuka plastiki, na wapagazi wanaopiga miluzi ili wapishwe. Katikati ya msukosuko huo alipita mwanamume mmoja mrefu, mwembamba, shati lake jeupe limefuliwa mpaka kola imeanza kuchanika, ubao wa kuandikia ameukumbatia kifuani, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na miguu ilimuuma tangu asubuhi.

Kazi yake ilikuwa kuuliza bei. Ofisi ya takwimu ilimpa orodha ya vitu mia moja na kumi na mbili, na kila mwezi alipita kwa wauzaji walewale: kilo ya mchele kiasi gani, mche wa sabuni kiasi gani, kunyoa nywele kiasi gani. Hanunui. Anauliza, anaandika, anakwenda zake. Wenye maduka walimpachika jina la Bwana Bei, na baadhi yao wakimwona kwa mbali waligeukia rafu wakajifanya wanapanga bidhaa.

Siku hiyo muuzaji wa sare za shule aliyekuwa kwenye orodha alikuwa amefunga duka, amehamia kwa mwanawe. Bwana Bei akatazama huku na huku amtafute wa kuziba pengo. Macho yakamwangukia fundi mmoja aliyekaa mwisho kabisa wa ujia, chini ya balbu: mwanamke wa makamo, mnene kiasi, gauni la bluu lenye alama za chaki pajani, utepe wa kupimia shingoni, pini tatu mdomoni, na nywele amezifunga kwa kipande cha kitambaa cha sare.

"Naomba bei ya sare. Shati na kaptura, mtoto wa miaka minane."

Fundi akazitoa pini mdomoni, moja moja. "Mtoto yuko wapi nimpime?"

"Sina mtoto. Ni ya ofisi."

"Ofisi inavaa kaptura?"

Akina mama kwenye foleni wakaangua kicheko. Bwana Bei akaeleza taratibu, kama alivyoeleza mara elfu, akainua na kitambulisho. Fundi hakukitazama. Alikuwa anamtazama yeye, yale macho yaliyoingia ndani na ile kola. Akamsogezea stuli kwa mguu.

"Kaa kwanza upumue, baba. Kwako wewe, elfu tisa."

Akakaa. Akaandika: elfu tisa.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na ni kosa ambalo karani mwingine yeyote asingelifanya. Mtu akikwambia "kwako wewe", hata asiyejua kusoma anaelewa kwamba kwa wengine kuna bei nyingine. Lakini Bwana Bei alikuwa na lake. Tangu mkewe alipoondoka, akimwambia kwamba kuishi naye ni sawa na kuishi na kabati, alianza kuyatafuta mafundisho ya Budha. Dini ya mama yake hakuitupa. Alikuwa anatafuta mahali pa kukaa kimya tu. Kila Jumapili asubuhi alipanda ngazi za duka la misumari, kwenye chumba ambacho muuguzi mmoja mstaafu aliwakalisha watu sita juu ya mito, macho wamefumba, wakisikiliza pumzi zao. Humo alijifunza kwamba huyu "mimi" tunayemlisha na kumlilia, ukimtafuta humkuti. Ni mambo yanayopita tu, kama soko ambalo jioni halipo. Fundisho hilo alilipenda kuliko yote. Kama hakuna mimi, basi hakuna aliyeachwa. Kwa hiyo maneno "kwako wewe" yalipita sikioni mwake kama upepo. Kilichobaki ni elfu tisa.

Mwezi uliofuata alirudi. Na uliofuata. Kisha akaanza kupita hata siku zisizo za bei, Alhamisi saa kumi, cherehani zinapopoa, na Fundi akamtengea kikombe chake, cha bati, chenye mpini wa kijani. Walizungumza mengi. Fundi alimsimulia jinsi alivyofiwa na mume mwaka wa nne wa ndoa na hajatamani tena kufulia mwanamume soksi. Bwana Bei alimweleza kwamba kwa mujibu wa Budha mateso yote yanatokana na tamaa, na ofisi yake, ukiitazama vizuri, inapima tamaa za watu kila mwezi. Wizara inataka watu watamani zaidi, ili viwanda vizalishe na kodi ipatikane. Budha anasema watamani kidogo. "Na mimi niko katikati, nimeshika kalamu," alisema.

Fundi alikata uzi kwa meno. "Sasa wewe umeshaikata hiyo tamaa?"

"Najaribu."

"Kwetu mtu wa hivyo tunasema amekata tamaa, na majirani wanakwenda kumpa pole." Akamtazama juu ya miwani. "Na huyo asiyetamani kitu, chai yangu anaifuata ya nini kila Alhamisi?"

Bwana Bei aliinama kwenye kikombe, masikio yakapata moto kama ya kijana.

Simu nazo zikaanza. Mchana, wakati wa chakula, simu ya Bwana Bei ilitetemeka mezani na wenzake ofisini wakakohoa kwa makusudi. "Laazizi wangu wa takwimu," Fundi angesema, "leo vitunguu vimepanda au vimeshuka?" Naye, mtu aliyesema maneno kumi kwa siku, alijikuta anasema mia. Lakini neno moja hakulisema. Fundi alipomuuliza siku moja, kwa utani ambao haukuwa utani, kama anamtaka au hamtaki, alijibu kwamba anajitahidi asimshikilie, kwa maana kinachoshikiliwa huumiza. Fundi akasema ana mteja, akakata.

Na kila mwezi bei ilipoulizwa, Fundi alijibu kwa cheko lake: "Kwako wewe, bado elfu tisa." Aliifanya kama mchezo wa wapendanao, akiamini makaratasi ya serikali huishia kuliwa na panya. Bwana Bei aliandika. Mkuu wa ofisi akaanza kumsifu mbele ya watu: mchele umepanda, mafuta yamepanda, nauli imepanda, lakini sare za shule zimesimama palepale mwaka mzima.

Mwezi mmoja kabla ya shule kufunguliwa tena, redio ilitangaza. Ili kuwapunguzia wazazi mzigo, sare ya shule ya msingi isiuzwe zaidi ya elfu tisa, kwa kuwa takwimu za soko zinaonyesha hiyo ndiyo bei yake halisi. Fundi atakayezidisha atafungiwa. Kitambaa, vifungo na zipu tu, kabla ya ushonaji, vilikuwa vinafika elfu kumi, na mafundi wote walikuwa wanauza kumi na tatu.

Simu ya Bwana Bei ilitetemeka saa sita na nusu. Safari hii hakukuwa na laazizi.

"Elfu tisa niliitaja kwa mtu mmoja tu duniani," Fundi alisema, sauti imechoka kama ya mtu aliyepanda ngazi. "Ilifikaje redioni?"

Akamweleza yote. Kwamba kwa sare jina lake lilikuwa peke yake kwenye orodha, na kwamba alichoandika ndicho alichoambiwa.

"Hukujua kwamba nakupunguzia?"

"Sikufikiri kuna wa kupunguziwa."

Kwa mbali cherehani za wenzake zilikuwa zinanguruma.

"Tuko mafundi kumi na saba katika ujia huu," Fundi alisema. "Wote wananiuliza ni nani aliyesema elfu tisa. Nimekaa nao miaka kumi na tisa. Usije Alhamisi, baba. Usije kabisa."

Bwana Bei akajiambia ndiyo hivyo, mambo hupita. Akaenda Jumapili juu ya duka la misumari, akakaa juu ya mto wake, akafumba macho. Akaitazama huzuni yake kama alivyofundishwa, akaiacha ipite. Haikupita. Wengine walipoondoka alimweleza muuguzi kisa chote, akamalizia kwamba ameamua kutoshikilia: wala kazi, wala mwanamke, wala lawama.

Muuguzi alikuwa anapanga mito. Hakuacha kupanga. "Nimekaa wodini miaka thelathini na mmoja," alisema. "Nimeona waliotulia na nimeona waliozimia. Ukiwatazama kutoka mlangoni wanafanana. Wewe umezimia, mwanangu, tangu huyo mkeo aondoke. Umemnyima mama wa watu riziki, halafu unakuja kunipumulia hapa."

Bwana Bei alishuka zile ngazi akiwa ameshikilia ukuta.

Jumatatu, ofisi haijajaa, alimkuta mkuu wake anakunywa maji ya moto kwa ajili ya tumbo. Akamwambia takwimu ya sare ni ya uongo, miezi yote kumi na mmoja, na kosa ni lake. Mkuu hakugomba. Alikuwa mtu aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Akamweleza, kwa upole, kwamba amri imeshasainiwa, Waziri ameshaisema hadharani, na kwamba ukitaka kumpunguzia huyu mzigo lazima uutue begani kwa mwingine. Safari hii umewaangukia mafundi, mwakani utawaangukia wengine. Bwana Bei akajibu kwamba mwaka mzima aliiona kazi hii kama kuandika juu ya maji, kumbe kila namba ina mtu chini yake. Akaomba fomu ya kusahihisha.

Fomu ilikuwa na kisanduku cha sababu. Mkuu alimshauri aandike "hitilafu ya uandishi" yaishe. Bwana Bei alikaa na kalamu muda mrefu, kisha akaandika: Mtoa bei alinipunguzia kwa sababu ananipenda, nami sikuandika hivyo. Bei ya watu wote ni elfu kumi na tatu.

Mkuu aliisoma mara mbili, akavua miwani, akajifuta uso. "Hii ikifika juu, mkataba wako hawauongezi."

"Najua."

Ikafika juu. Mkataba haukuongezwa. Amri, waliambiwa, itatazamwa upya baada ya muhula wa kwanza, maana serikali haigeuki nyuma kwa siku moja kama mtu aliyesahau funguo. Lakini barua iliyotumwa sokoni ilisema wakaguzi wasimamishe kuwafungia mafundi mpaka bei ipimwe tena. Si ushindi. Ni nafasi ya kuvuta pumzi.

Alhamisi Bwana Bei alikwenda. Hakuwa na ubao wala kitambulisho, na mikono hakujua aiweke wapi. Mafundi walimtazama anavyopita. Mmoja akasema kwa sauti kwamba mzee wa elfu tisa amekuja kumalizia na kaptura zetu. Alisimama akawaomba radhi, meza kwa meza, meza kumi na sita. Wengine walimjibu, wengine walikanyaga cherehani tu.

Fundi alikuwa mwisho wa ujia, miguu imevimba ndani ya kandambili, macho mekundu. Lundo la sare lilimfunika mpaka kifuani. Shule moja ilikuwa imeagiza sitini kabla ya ile amri, na alikuwa akizishona usiku na mchana.

"Wamekufukuza," alisema, bila kuinua kichwa. Habari ilikuwa imeshafika. "Na umeandika kwenye karatasi ya serikali kwamba nakupenda. Mkaguzi alikuja kunisomea mbele ya watu."

"Nilitaka iwe kweli yote."

"Yangu umeiandika. Yako je?"

Kwa mtu aliyejizoeza miaka mitatu kutotaka, maneno yalitoka kama gunia linaloburutwa. "Nakutaka," Bwana Bei alisema. "Nakutaka na ninaogopa. Nikikukosa nitaumia, na nimechoka kuumia kupita kiasi. Lakini nimechoka zaidi kukaa kama kabati. Sina kazi. Naomba unioe... nikuoe, samahani."

Fundi jirani alicheka akajiziba mdomo. Fundi mwenyewe hakucheka. Alimsukumia sindano, uzi, na shati lisilo na vifungo. "Anza na hivyo. Mimi sijalala tangu juzi."

Akalaza kichwa mezani, juu ya mikono yake, na usingizi ukamchukua papo hapo. Bwana Bei akashona. Alijichoma mara nne. Watu walipita, watoto walipimwa na mafundi wengine, jua likahama kutoka mezani likaenda ukutani, naye hakumwamsha wala hakuondoka. Alimsikia anavyopumua, na akajua kwamba pumzi hii hataweza kuitazama ikipita kama zile za Jumapili.

Fundi alipoamka, alama ya utepe wa kupimia ilikuwa imechorwa shavuni. Akalichukua lile shati, akalitazama. Vifungo sita, vyote vimekaa upande wa matundu.

Akaguna. Akachukua wembe mdogo, akaanza kuvifumua kimoja kimoja.

"Jumamosi kaka yangu yuko nyumbani," alisema. "Nenda ukaongee naye. Vaa shati lingine. Na usije ukamwambia kwamba hutaki kitu, kwa sababu ni mtu wa kuamini anachoambiwa."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie unanitaka mimi, baba. Hivyohivyo ulivyosema." Akampa shati tena, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kifungo cha kwanza. "Hapa. Taratibu. Zimebaki arobaini na mbili."