Alama Kumi na Mbili za Aminieli Temu

Kipimadereva kilianza kuhukumu kabla gari halijamaliza kona ya kwanza.

Kilikuwa sanduku la kijivu lenye kimo cha mtu mzima, limesimikwa katika chumba cha vioo juu ya Uwanja wa Mbio wa Rau, mjini Moshi, na kazi yake ilikuwa moja tu: kumsoma dereva. Ndani ya kofia ya dereva kulikuwa na nyuzi nyembamba kuliko nywele, zikipeleka mapigo ya moyo, jasho na mwendo wa macho. Redio ilipeleka kila neno alilosemezana na timu yake. Sanduku lilichanganya yote hayo na kutoa alama tatu: kipaji, tabia, na uhusiano na timu. Dereva aliyepata chini ya sitini katika mojawapo hakupewa leseni ya Mbio Kuu. Angekaa nje mwaka mzima, na kiti chake kingekaliwa na mwingine.

Mhandisi Leokadia Haule, mtathmini wa Tume ya Mbio, alisimama mbele ya sanduku hilo akiwa amekunja mikono. Alikuwa mwanamke asiyependa kuzungushwa. Watoto wake wanne walijua kwamba ukimwuliza jambo moja mara mbili, umemchokoza.

Gari jeupe namba thelathini na moja lilikuwa mikononi mwa Aminieli Temu, kijana wa Kichaga kutoka Marangu mwenye umri wa miaka ishirini na sita. Leokadia alikuwa ameona madereva mia mbili na zaidi, na wengi wao waliingia kwenye kona wakipigana nayo. Huyu aliingia kana kwamba kona ilikuwa imekwisha kumweleza yote. Alama ya kipaji ikasimama kwenye tisini na saba. Tabia, sitini na sita.

Kisha redio ikaanza.

"Wewe mla mtori wa ndizi!" Ilikuwa sauti ya fundi mkuu wake, Nakijwa Mrutu, Mpare wa Same. "Hiyo kona unaipita au unaiomba ruhusa?"

"Nyamaza, mama mla makande," Aminieli alijibu akiwa kwenye kilomita mia tatu kwa saa. "Ungekuwa unafunga nati kwa bidii unayofungulia kesi mahakamani, ningekuwa nimeshamaliza."

"Gari nimekutengenezea, bado unaendesha kama umebeba mikungu ya ndizi."

"Kumbe umelitengeneza? Nilidhani limeokotwa."

Leokadia alicheka puani. Alama ya uhusiano na timu ilikuwa ikishuka kama ndoo iliyokatika kamba: hamsini, thelathini, kumi na tisa. Gari liliposimama, ilikuwa kumi na mbili. Chini yake sanduku liliandika: *Matusi mfululizo. Timu haina maelewano. Asipewe leseni.*

Nakijwa alipanda ngazi akifuta mikono kwa tambara, Aminieli nyuma yake na kofia kwapani. Fundi aliisoma namba hiyo akakunja uso.

"Kumi na mbili? Mimi nisingempa hata nne."

"Mtani, huu si wakati," Aminieli alisema. Uso wake ulikuwa umepauka. "Mhandisi, huyu mama nimefanya naye kazi miaka mitano. Huo ni utani. Mchaga na Mpare, tangu enzi za mababu, hata msibani tunataniana. Hiyo mashine haijui?"

"Ilifundishwa kwa rekodi za maabara," Leokadia alisema. "Watu wenye adabu, wamekaa kwenye viti, wanazungumza kama watangazaji."

"Basi ipinge."

Sheria ilimruhusu. Mtathmini angeweza kupinga alama kwa saini yake mwenyewe, lakini dereva akiumia ndani ya mwaka huo, mtathmini ndiye angejibu mahakamani. Kwa miaka sita ya kipimadereva hakuna aliyethubutu kufanya hivyo, na Leokadia hakuona sababu ya kuwa wa kwanza wakati palikuwa na njia rahisi.

"Kuna jaribio la pili, saa nane," alisema. "Nusu saa tu. Semeni kistaarabu. Tafadhali, asante, nimepokea. Basi, mnapata leseni yenu, mnarudi kutukanana."

Nakijwa alimtazama kana kwamba ameambiwa ale sabuni. "Mimi? Nimwambie Mchaga tafadhali?"

"Utakufa?"

"Nitaugua."

Saa nane kamili gari lilirudi barabarani, na Nakijwa akaketi mbele ya kipaza sauti ndani ya chumba cha vioo, mgongo wima kama bibi harusi.

"Dereva, karibu. Barabara ni kavu. Nakutakia safari njema."

"Asante sana, fundi."

Hamsini na tano. Sitini na nane. Mzunguko wa nne, themanini na moja. Leokadia alikwisha kutoa kalamu mfukoni alipoona mkono wa Nakijwa umeshika ukingo wa meza mpaka vifundo vimegeuka rangi.

"Dereva, tafadhali, tairi la nyuma kushoto limepata joto. Ukipata nafasi, naomba upunguze mwendo kidogo."

"Asante, fundi. Nimepokea."

Gari halikupungua. Magari ya Mbio Kuu yalitumia tairi-hai, mpira unaoziba nyufa zake wenyewe jinsi ngozi inavyofunga kidonda. Lakini tairi-hai likizidi joto huacha kujiponya, na halitoi onyo. Hupasuka tu. Kwenye skrini ya Nakijwa, alama nyekundu ya tairi ilikuwa imekwisha kuvuka mstari.

"Mbona hapunguzi?" Leokadia aliuliza.

"Hajanisikia."

"Amesema amepokea!"

"Amepokea maneno. Mimi hajanisikia." Nakijwa alizungumza haraka, mkono umefunika kipaza sauti. "Siku zote namtukana mambo yakiwa shwari. Hatari ikija, naacha utani, nanyamaza kidogo, halafu namwita kwa majina yake yote. Hapo anajua. Leo nimekuwa mpole tangu tuanze. Nimemwambia tairi kwa sauti ile ile niliyomwambia barabara ni kavu. Atajuaje?"

Alama ya uhusiano na timu ilipanda hadi themanini na nane.

"Mwite," Leokadia alisema.

"Jaribio litafutwa. Hana lingine."

"Nimesema mwite!"

Nakijwa aliondoa mkono. Hakusema kitu kwa muda wa pumzi moja. Kisha, bila kupaza sauti, akasema: "Aminieli Eliufoo Temu."

Gari lilianza kufunga breki kabla jina la mwisho halijaisha. Lilisogea pembeni, likapungua, likawa linatambaa mita chache kutoka kona ya saba, na hapo tairi la nyuma kushoto likapasuka kwa kishindo kilichotikisa vioo vya chumba. Vipande vya mpira viliruka juu ya ukuta. Mlango wa gari ukafunguliwa, Aminieli akashuka kwa miguu yake mwenyewe, akaketi kwenye majani, kichwa kati ya magoti.

Sanduku likaandika: *Tisa. Amri bila heshima. Jaribio limevunjwa.*

Nakijwa alishuka ngazi mbili mbili. Leokadia alibaki. Alivuta kiti, akaketi mbele ya kipimadereva, akakiamuru kimletee madereva wote wa miaka sita waliopata zaidi ya themanini na tano katika uhusiano na timu.

Walikuja kumi na wanne. Watano kati yao walikuwa wamepata ajali ndani ya mwaka wao wa kwanza.

Akaomba waliopata kati ya sitini na sabini. Walikuwa mia moja na watatu. Walioumia, wawili.

Alirudia hesabu hiyo mara tatu, kwa sababu ndiyo kazi aliyosomea, na mara zote tatu jibu halikubadilika. Jina la juu kabisa kwenye orodha ya kwanza lilikuwa Deusi Kavishe, alama tisini na nne. Chini ya jina kulikuwa na saini ya mtathmini. Ilikuwa yake. Kwa miaka miwili alikuwa akilitumia faili hilo kufundishia wanagenzi: hii ndiyo timu inayoheshimiana, aliwaambia.

Alama zilihesabiwa hata siku za mashindano, kwa hiyo rekodi ya mwisho ya Deusi ilikuwapo. Aliifungua. Fundi aliitwa Yoeli Msuya, Mpare kama Nakijwa, na sauti yake ilikuwa laini kama ya mhudumu wa hoteli. *Ndugu dereva, ikikupendeza, breki zinaonyesha dalili. Tafadhali zingatia.* Kisha Deusi: *Asante sana, fundi. Nimepokea.* Sekunde kumi na moja baadaye kilisikika kishindo, na baada yake hakukuwa na sauti nyingine.

Leokadia alivuta fomu ya Aminieli Temu. Mahali pa alama ya uhusiano aliandika: *Napinga. Nimeishuhudia timu hii ikiokoa maisha kwa neno moja. Apewe leseni. Redio yao isisikilizwe na mashine tena.* Akatia saini kwa kalamu iliyokwaruza karatasi, akaipeleka Tume.

Mkurugenzi alipiga simu kabla ya dakika tano.

"Mama Haule, unajua akiumia unakwenda mahakamani?"

"Najua. Niliandika sheria hiyo pamoja na wewe."

"Kipimadereva hakijawahi kukosea kwa miaka sita."

"Kimekosea. Tuliona kiko sahihi kwa sababu kiliowakataa wanakaa nyumbani, na kiliowakubali, wengine tumewazika. Nakutumia hesabu. Zisome kabla hujanijibu."

Akakata simu. Aminieli alikuwa amesimama mlangoni, nyasi zimemganda magotini. Nakijwa alikuwa nyuma yake, kipande cha tairi mkononi.

"Unayo leseni," Leokadia aliwaambia.

"Mhandisi, sijui nikushukuru vipi..."

"Usinishukuru. Nenda kabadilishe tairi."

Walipoondoka alitafuta namba ya Yoeli Msuya. Haikuwa kwenye orodha ya mafundi wa mbio. Ilimchukua karibu saa nzima kumpata kupitia chama cha wakulima cha Hedaru, ambako sasa alitengeneza pampu za umwagiliaji.

"Fundi Msuya, mimi ni Leokadia Haule wa Tume ya Mbio. Ndimi niliyetia saini leseni ya Deusi."

Upande wa pili wa simu pampu ilikuwa ikinguruma. Ikazimwa.

"Nasikiliza."

"Siku ile ulimwambia breki zinaonyesha dalili. Kama sanduku lisingekuwa linasikiliza, ungemwambiaje?"

Msuya aliweka spana chini; Leokadia aliisikia ikigonga chuma.

"Ningemwambia, simama hapo hapo, Mchaga mpumbavu wewe," alisema. "Simama. Ukifa leo, siku yangu ikifika nani atakuja kunitania msibani?"

Leokadia alivuta karatasi nyeupe, akaandika juu yake: *Somo la wanagenzi*.

"Rudia," alisema. "Neno kwa neno. Naandika."