Urea Sabini na Moja

— Figo za Esdras zimekwisha, Jokébed. Ndoa hapana.

Papa Vagheni alitamka hukumu hiyo sebuleni kwake mtaa wa Vulamba, Butembo, miwani puani, kalamu nyekundu mkononi, karatasi ya maabara mezani. Kanisa lilitaka wachumba wapimwe damu kabla ya kubarikiwa, na harusi ilikuwa imebakiza siku tisa. Kwenye mstari wa urea paliandikwa 71. Pembeni, mwisho wa kawaida: 45. Papa, ambaye ameuza mabati miaka ishirini bila kumtibu hata kuku, aliizungushia namba hiyo duara mara tatu.

— Papa, uko daktari?

— Niko baba. Nikuozeshe kwa mutu wa dialyse, wa kusafishwa damu na mashine? Ile mashine iko wapi huku?

Simu ya Jokébed ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Esdras, mchumba wake, mwalimu kule Mbau: "Papa yako anasema nikuje kuchukua mbuzi zangu za mahari. Ile moja mulikula, pole. Kuko nini?"

Alitoka uani akampigia.

— Uko mugonjwa na ulinificha?

— Hapana, chérie.

— Siku ya kipimo ulikuwa namna gani?

— Ile siku… acha tu.

— Esdras!

— Siwezi kusema. Ni kati yangu na Mungu.

— Basi Mungu akuoe!

Akakata. Kisha, kwa kuwa hasira haijawahi kusoma kipimo, akabeba karatasi hadi maabara kwa Séphora, aliyeichukua ile damu.

— Ya Séphora, dada yangu, niambie kweli. Anakufa?

— Nani amechora hii miduara?

— Papa.

— Ametumia wino bure. Sikiliza. Urea inatoka mu chakula, na figo zinaitoa na mukojo. Maji ikipunguka mu mwili, figo zinashika maji, na urea nayo inabakia mu damu. Creatinine inatoka mu misuli. Figo zikichoka kweli, nayo inapanda. Angalia: urea imeruka, creatinine ni 1,2, imetulia. Mbele ya kulia figo, uliza mutu alikunywa nini.

— Donc ni muzima?

— Sikusema vile. Anywe maji, akule, arudie kipimo kisha siku tatu. Ikibakia juu, daktari amuone.

Jokébed alimwandikia Esdras: "Siku ile ulikunywa nini? Jibu ao unisahau."

Jibu likaingia: "Hakuna. Siku tatu. Hata maji."

Akapiga mara moja.

— Ulikuwa unafunga kavu? Na ukapanda pikipiki toka Mbau mpaka Butembo, na jua ile?

— Ndiyo.

— Ulikuwa unaomba nini?

— Majibu ya damu itoke muzuri.

Jokébed alicheka mpaka akakaa chini. Halafu machozi yakaja bila kuomba ruhusa.

— Napigana na papa yangu juu yako, na wewe unanificha glasi ya maji?

— Kanisani walituambia ukitangaza kwa watu, maombi inapoteza nguvu.

— Mimi si watu, Esdras. Mimi ndiyo utalala na mimi, utazeeka na mimi. Uko na maji hapo?

— Iko.

— Kunywa. Nasikia.

Simuni kukasikika: gudu, gudu, gudu. Hakukata mpaka kikombe cha pili.

Siku ya nne Esdras alirudi Butembo, ameshiba na amekunywa. Urea 33, creatinine 0,9. Papa Vagheni alishika karatasi dhidi ya mwanga, kama noti ya dola anayoishuku.

— Mbuzi zibakie, akasema.

Walioana tarehe ile ile ya mwaliko. Kwenye karamu Papa alisimama, akakohoa, akawahutubia wageni mia mbili kuhusu figo.

— Urea ikipanda, mujue ni maji tu!

Bibi harusi akainuka na shela yake yote.

— Papa, urea peke yake haitoshi. Sema na creatinine.

— Kaa, mwanangu. Leo ni siku yako.

— Ndiyo maana. Sema.

Papa akasema.