Sauna, Pombe, Lami na Dawa ya Nne

Krr. Krr.

Nje kulikuwa bado giza. Hilkka aligeuka kitandani, na visigino vyake vikakwaruza shuka. Krr.

"Nani anaranda mbao saa hizi?" aliuliza mumewe, Taisto, macho ameyafumba.

"Ni miguu yangu, mzee. Lala."

"Basi nikuletee ubao, tumalize ile meza."

Hilkka alicheka kidogo. Kisha akawasha taa, akatazama mikono yake. Ilikuwa mikavu, imepauka kama imepakwa unga. Vidole vilikuwa na nyufa, na ufa wa dole gumba ulikuwa umetoa damu. Kila mwaka ngozi yake ilikauka mwezi wa pili. Nje baridi kali, ndani joto la jiko la kuni. Lakini mwaka huu ilizidi.

Na mwaka huu kulikuwa na mtoto.

Mjukuu wake, Sointu, alikuwa amejifungua binti. Mtoto angebatizwa baada ya wiki tatu, hapo hapo sebuleni kwa Hilkka. Jina lilikuwa siri mpaka siku hiyo, kama ilivyo desturi. Kwa sasa wote walimwita Kadogo.

"Bibi, wewe ndiye utakayembeba mbele ya mchungaji," Sointu alikuwa amesema. Hilkka alifurahi hata akamwaga kahawa.

Lakini Jumapili iliyopita alimgusa Kadogo shavuni. Mtoto alikunja uso, akalia. Halafu Hilkka alishika gauni la ubatizo ili alipige pasi. Mama yake marehemu ndiye aliyelifuma, na Hilkka mwenyewe alibatizwa ndani yake. Kidole chake kikavu kilinasa uzi. Uzi ukavutika, pindo likajikunja.

Jioni ile alimpigia Sointu simu. "Mtafute mwingine wa kumbeba, mwanangu. Mikono yangu si ya mtoto, ni ya kusugua sufuria."

Sointu akasema taratibu, "Bibi, mimi simtaki mwingine."

Si kwamba Hilkka alikuwa hajajitibu. Alijitibu sana. Watu wa Kainuu, jimbo lao huko Ufini, wana usemi wa tangu zamani: kisichoponywa na sauna, pombe kali na lami ya msonobari, hicho ni kifo. Hilkka aliufuata neno kwa neno. Kila jioni aliingia sauna, kile chumba cha kuogea kwa mvuke, akakaa benchi la juu kabisa penye mvuke mkali. Alijisugua kwa brashi na sabuni mpaka ngozi ikalia. Akitoka, alipaka pombe. Juu ya pombe akapaka lami nyeusi, kutoka kopo alilorithi Taisto kwa baba yake. Na kila asubuhi nyufa zilikuwa ndefu zaidi.

Baada ya kukucha siku hiyo, saa nne asubuhi, jirani yao Vieno alibisha hodi. Vieno alikuwa mjane. Kwa miaka thelathini alifanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani, akiwaosha na kuwatunza. Sasa alikuwa amestaafu, nyonga yake ilimuuma, na alitembea kwa fimbo. Alikuwa amekuja kurudisha sinia la mikate.

Alisimama mlangoni, akanusa.

"Mnapaka mtumbwi lami ndani ya nyumba?"

"Si mtumbwi," alisema Taisto. "Ni mke wangu."

"Nyamaza, mzee!" Hilkka alificha mikono chini ya aproni.

Vieno hakucheka. Aliketi, akanyoosha kiganja chake. "Lete."

"Ni michafu."

"Nimeshika mikono ya kijiji kizima, mwenzangu. Lete wako."

Hilkka akautoa. Vieno aliushika kwa upole, kama mtu anayeshika yai. Alitazama kila ufa bila haraka. Ilikuwa siku nyingi tangu mtu ashike mkono wa Hilkka hivyo.

"Una sukari?" aliuliza Vieno.

"Ipo kabatini. Nikutilie kwenye kahawa?"

"Ugonjwa wa sukari, Hilkka!"

"Aa! Huo sina. Nilipimwa mwaka jana."

"Vizuri. Mwenye sukari hajitibu nyufa za miguu nyumbani. Anakwenda zahanati kwanza. Hata asiye nayo, akiona ngozi nyekundu, ya moto, imevimba au inatoa usaha, aende. Zako bado hazijafika huko." Akaachia mkono. "Sasa niambie unafanya nini."

Hilkka alimweleza yote, sauna, brashi, pombe, lami. Vieno alitikisa kichwa.

"Pole. Unajikausha mwenyewe. Ngozi ina mafuta yake, na hayo ndiyo yanayoshika maji ndani. Maji ya moto na sabuni nyingi vinayaosha mafuta. Pombe inamaliza yaliyobaki. Na lami ni ya mtumbwi. Kwenye ngozi iliyopasuka inachoma tu."

"Lakini wazee walisema..."

"Wazee walikuwa na mafuta ya kondoo mikononi kutwa nzima, kwa kukata manyoya na kusokota. Hawakuhitaji kuyataja. Wewe umechukua dawa tatu, ukaacha ya nne. Mafuta!"

Taisto alijisogeza kwenye kiti. "Ina maana tuache sauna?"

"Nani amwambie mtu wa hapa aache sauna? Nendeni mara mbili kwa wiki. Hilkka akae benchi la chini, dakika chache. Brashi iwekwe pembeni. Sabuni kidogo isiyo kali, kwapani na penye uchafu tu. Ajimwagie maji ya uvuguvugu. Ajifute kwa kugusagusa, asijisugue. Na ngozi ikiwa bado na unyevu, palepale, apake mafuta. Akingoja ikauke, amechelewa."

"Mafuta gani?" aliuliza Hilkka. "Dukani yananukia maua, na yananiwasha."

"Una mafuta ya alizeti? Na nta ya nyuki?"

Nta ilikuwepo, kwa kuwa Taisto aliipaka kwenye uzi wa kushonea viatu. Vieno alipima kijiko kimoja cha nta na vijiko vinne vya mafuta ya alizeti, akatia ndani ya bakuli. Bakuli akaliweka kwenye sufuria yenye maji ya moto. "Usiweke mafuta na nta moja kwa moja motoni," alisema, "yanaweza kuwaka." Nta ilipoyeyuka alikoroga, akamimina kwenye kikopo safi. Yalipopoa yakawa laini na ya manjano.

"Jaribu kidogo mkononi kwanza. Kesho ukiona hayakuwashi, endelea. Ule ufa unaotoa damu uoshe kwa maji safi, uufunge kwa kitambaa safi mpaka ufumbe."

"Na visigino?" aliuliza Taisto. "Mimi nina kisu kikali sana."

"Kisu chako ni cha samaki!" Vieno alimtazama kwa jicho moja. "Miguu iloweke kwenye maji ya uvuguvugu, dakika kumi. Sugua taratibu kwa jiwe la miguu, mara moja kwa wiki inatosha. Usikate kitu. Paka mafuta, vaa soksi za pamba, ndipo ulale. Usitembee na miguu yenye mafuta bila soksi, utateleza uvunje nyonga kama mimi. Mikononi nako, glavu za pamba. Ukiosha vyombo vaa glavu za mpira. Ukitoka nje usisahau glavu za sufu. Wiki mbili zikipita bila nafuu, uende zahanati."

"Jina lako maana yake laini," alisema Taisto, "lakini ulimi wako, mama!"

"Ulimi haujakauka, ndiyo maana."

Siku ya tatu kuwasha kulipungua. Siku ya sita ufa wa dole gumba ulifumba. Taisto alijitwika kuosha vyombo bila kuambiwa, akavunja kikombe kimoja tu. Vieno alikuja kila Jumatano na fimbo yake katika theluji, akaikagua mikono, akanywa kahawa. Na asubuhi moja kabla ya mapambazuko, Taisto alifumbua macho.

"Hilkka? Uko hai?"

"Niko hai. Kwa nini?"

"Sijasikia randa."

Alfajiri hiyo Hilkka aliteremka kitandani, akachukua gauni la ubatizo. Alipitisha kidole kwenye pindo, mwanzo hadi mwisho. Hakuna uzi ulionasa. Alimpigia Sointu simu kabla hata ya kuwasha jiko. "Mwanangu, nitambeba."

Siku ya ubatizo sebule ilinukia mikate ya iliki. Hilkka alimpokea Kadogo mikononi. Akamgusa shavu, kwanza kwa woga. Mtoto alipiga miayo, akalala.

"Mtoto ataitwa nani?" aliuliza mchungaji.

"Lahja," alisema Sointu.

Ndilo lililokuwa jina la mama yake Hilkka, aliyefuma lile gauni. Maana yake ni zawadi. Hilkka alilia kimya kimya, wala hakupangusa machozi, maana mikono yake ilikuwa na kazi.

Jumatano iliyofuata, Vieno hakuja. Hilkka alifunga mikate ya iliki kwenye kitambaa, akaenda kwake. Alimkuta ameketi kitandani, soksi moja mguuni, nyingine mkononi. Alikuwa akijaribu kuinama, nyonga ikikataa. Hilkka akaona kisigino chake. Kilikuwa kikavu, kimepasuka.

"Vieno! Na wewe?"

"Mganga hajigangi," alisema Vieno, akitazama dirishani kwa aibu. "Siifikii miguu yangu tangu nivunjike."

"Na ukatembea kwenye theluji kuja kutazama yangu."

Hilkka alichanganya maji, akayapima kwa kiwiko. Aliloweka miguu ya rafiki yake, akaifuta kwa kuigusagusa, akaipaka mafuta ikiwa bado na unyevu. Alipaka polepole, kila kidole. Kisha akamvalisha soksi.

"Mikono yako imekuwa laini," alisema Vieno.

"Ni kazi yako."

Walikunywa kahawa. Hilkka aliposimama kuchukua koti, Vieno alimshika kiganja, kama siku ile ya kwanza.

"Mwenzangu," alisema, "Jumatano utakuja tena?"