Rubani Aliyebeba Mtoto Mgongoni

Kila asubuhi, kabla ya shule, Chiriku alimbeba mdogo wake mgongoni huku mama yao akifua. Kisha alipitia gereji kumpelekea kaka yake chai. Hapo alisimama akitazama injini zikifunguliwa, mpaka kaka amfukuze: "Wewe, utachelewa!"

Siku hiyo alichelewa kweli. Alikuta darasa kimya. Mwalimu alikuwa ameshika hadithi ya Chiriku, ile iliyochaguliwa kusomwa mbele ya wazazi.

"Chiriku, nani amekuandikia hii?"

"Nimeandika mwenyewe, mwalimu."

"Rubani mwanamke anatengeneza injini ya chombo karibu na mwezi. Anajua asifungue rejeta ya kupozea injini ikiwa bado ya moto. Wewe umeyajulia wapi haya?"

"Kaka yake ni fundi magari!" alidakia Domo, mvulana wa dawati la nyuma. "Msichana na injini, wapi na wapi?"

Darasa likacheka. Hata rafiki yake wa dawati moja alisogea pembeni, akamtazama kwa jicho la wizi. Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa kupenda kuongea, alikosa la kusema.

"Kama umeandikiwa, haitasomwa," alisema mwalimu. "Wakati wa mapumziko tunakwenda gereji kumuuliza kaka yako."

Kaka alifuta oili mikononi, akaisoma hadithi polepole. Chiriku aliwaza: je, kaka akijisifu kuwa ni yake? Mwalimu naye hakumwondolea kaka macho.

Ghafla kaka akaangua kicheko. "Mwalimu, hebu ona hapa! Rubani anamfunga mtoto mgongoni, fundo kifuani, asije akaelea hewani. Mtoto akilia, anamtikisa bila kuachia spana. Mimi? Huyo mdogo wetu sijawahi kumbeba hata siku moja! Injini kaiona hapa, mtoto kambeba nyumbani. Hii ni yake."

Waliporudi, mwalimu alisimama mbele ya darasa.

"Nimemshuku mwenzenu bila ushahidi. Ingekuwa hadithi ya Domo, nisingeuliza. Na mimi ni mwanamke! Chiriku amebuni dunia ambayo haipo, nayo imenionyesha hii tunayoishi. Kabla hamjamwita mtu mwongo, jiulizeni: mnamshuku kwa alichofanya, au kwa alivyozaliwa?"

Domo alinyoosha mkono taratibu. "Chiriku, samahani. Lakini kwenye hicho chombo, sisi wavulana tupo?"

"Mpo," alijibu Chiriku, maneno yakiwa yamemrudia. "Mnabeba watoto kwa zamu."